Matawi Kwenye Lami

Burnt Forest
11 Februari 2024

Kwako Mama yangu Wangeci,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi ni wazima, isipokuwa masikio yangu. Yalianza kustaafu polepole na sasa yamefunga kazi kabisa. Kabiru ndugu yako anasema nikutumie ujumbe kwa simu yake, lakini zile herufi ni kama siafu na kidole changu kinabonyeza tatu kwa mpigo mmoja. Heri barua. Nilifundisha watoto wa watu kuandika barua mpaka chaki ikanila vidole, sasa ni zamu yangu kuzipokea.

Jumapili mhubiri mgeni alinipigia kelele sikioni akitaka kujua ni mama gani huyo aliye Norway ninayemwombea, na mimi mwenyewe nina mvi hadi kwenye nyusi. Nikamweleza kwamba wewe ni binti yangu wa kwanza, ulipewa jina la mama yangu mzazi kama desturi yetu inavyotaka, kwa hivyo wewe ndiye mama yangu na nikikosea una ruhusa ya kunichapa. Alicheka mpaka akasahau mahubiri, na ibada ikaisha mapema. Watu wamenishukuru.

Ng'ombe wako Daktari ana mimba. Kabiru anataka tuandae jina, nami nimemwambia utaratibu haujabadilika. Diploma alizaliwa ulipopata diploma, Digrii akafuata, na Daktari akaja wiki ile ulipovaa kofia pana na joho jekundu. Ndama huyu hataitwa Profesa mpaka mwenyewe uwe profesa. Akizaliwa kabla, atakaa bila jina. Usimcheleweshe mtoto wa watu.

Sasa habari ya lile bango la taa. Tangu wewe na wanafunzi wako mlisimamishe pale kwenye kona yetu na kamera yake, watu wameliita jina lako. Utasikia dereva akisema, "Pole pole, Wangeci amewaka." Wiki iliyopita lori la mahindi kutoka Moi's Bridge lilikwama baada ya kona, ukungu umeshuka mpaka chini. Tanboi, yule msaidizi wa dereva, akakata matawi ya mkaratusi, akayapanga kwenye lami kama kawaida yao. Kamera ikayaona, bango likawaka yale maandishi mekundu, HATARI MBELE, na basi lililokuwa linatoka Nakuru likapunguza mwendo mapema, likapita salama. Abiria walitoa vichwa dirishani kutazama lori. Mimi nilikuwa nimesimama kwa lango la shamba. Nililia, Mama. Unajua kwa nini. Kama bango hilo lingekuwepo mwaka ule, mke wangu Naomi angekuwa hapa akinilaumu kwamba nimeweka chumvi nyingi kwenye maharagwe.

Vaa nguo nzito. Kula.

Ni mimi mwanao, ambaye pia ni baba yako,
Wanjohi


Trondheim
17 Machi 2024

Baba, mwanangu mkorofi,

Barua yako ilinifikia ikiwa imelowa upande mmoja, lakini nimeisoma yote, na pale kwa mhubiri nimecheka peke yangu ofisini hadi mwenzangu akaja kuuliza kama niko sawa. Huku bado ni theluji. Nimezoea kuvaa kama mtu anayehama na nguo zake zote mwilini. Angeline, yule mwalimu mwenzangu anayenishikia madarasa pale Eldoret, alipita huku kwa mkutano nikampa koti lako akuletee. Nimechagua la kijivu kwa sababu halionyeshi uchafu, na najua vile unavyofua.

Nawakumbuka wanafunzi wangu. Kila mwaka, siku ya kwanza ya somo la usalama barabarani, mimi huwauliza wainue mkono kama wamewahi kupoteza mtu wao kwenye barabara. Mikono huinuka karibu yote, na wa kwangu pia. Baada ya hapo sihitaji kuwaeleza kwa nini tunahesabu magari. Hapa nilijaribu kuuliza swali hilo hilo. Ukainuka mkono mmoja nyuma kabisa, wengine wakageuka kumtazama.

Baba, kuna jambo linanisumbua. Kila bango linapowaka, mimi hupata habari na picha kwenye kompyuta yangu huku. Na bango letu linadanganya. Linawaka hata wakati hakuna gari lililokwama. Nimetazama picha nikaelewa. Nilikuwa najivuna kwamba mashine za Ulaya hazijui tawi ni nini, kwa maana hapa gari likiharibika wanaweka kile kipembetatu chekundu. Ni mimi niliyeifundisha mashine yetu kwamba tawi kwenye lami ni ishara ya gari lililokwama. Lakini nilisahau nusu ya pili ya tabia yetu. Dereva akishatengeneza lori lake, anawasha, anaenda zake Malaba, na matawi anayaacha pale pale. Kamera haioni ng'ambo ya kona, kwa hivyo inaendelea kupiga kelele juu ya matawi ya jana na ya juzi. Ni mtu wa kwetu pekee anayeweza kufanya kosa kama hilo, maana nimekua nikiruka matawi hayo nikienda shule na sikuwahi kujiuliza nani anayatoa.

Mkuu wa mradi amesema makosa yasipopungua kufikia mwisho wa Juni, utafiti unafungwa na bango linang'olewa. Najaribu kuandika programu mpya itakayotofautisha matawi mabichi na yaliyonyauka. Sijui kama itaweza.

Niambie ukweli. Madereva wanalalamika? Wewe uko hapo kila siku, mimi naona picha tu. Usinifiche.

Binti yako na mama yako,
Wangeci


Burnt Forest
28 Aprili 2024

Kwako Mama yangu,

Mvua imekuja na tumepanda. Viazi vya Kabiru vimeanza kuchungulia. Koti limefika, zito kama godoro, na nimelivaa hata mezani ili lizoee nyumba. Angeline ni mtu wa heshima sana. Alikunywa chai vikombe viwili akaniandikia habari zako kwenye karatasi badala ya kunipigia kelele, na Kiswahili chake hakina kasoro. Chako kina kasoro. Umeandika "kompyuta" vizuri lakini umesahau nukta mahali pawili.

Umeuliza kama madereva wanalalamika. Hapana. Hakuna aliyeniambia neno lolote baya. Tena mimi ni kiziwi, mtu akitaka kunilalamikia itabidi ajitahidi sana.

Kabiru aliipaka rangi nguzo ya bango wiki iliyopita. Ilikuwa imechafuka.

Wewe andika hiyo programu yako bila wasiwasi. Ninaamini itaelewa. Hata wewe hukuelewa kugawanya kwa tarakimu mbili mara ya kwanza. Ulilia ukararua daftari, na kesho yake ukaamka unajua, kama mtu aliyefundishwa usingizini. Nilikuwa nawasimulia walimu wenzangu kisa hicho na hawakuniamini.

Habari nyingine ndogo ni kwamba sijanunua kuni tangu wiki iliyopita. Tunapikia mkaratusi. Unawaka vizuri ukishakauka, ila moshi wake unamfanya Kabiru apige chafya.

Nalala mapema, naamka mapema. Miguu yangu ina nguvu kuliko mwaka jana. Usiwe na shaka juu yangu hata kidogo.

Mwanao na baba yako,
Wanjohi


Trondheim
30 Juni 2024

Baba mpendwa,

Kaa chini kwanza. Umekaa?

Bango limeacha kudanganya! Programu mpya niliiweka mwezi wa tano nikiwa sina matumaini, na tangu wakati huo makosa yamepungua hadi karibu hayapo. Likiwaka, lori lipo. Lori likiondoka, baada ya muda mfupi bango linazima. Nilimwonyesha mkuu wa mradi, akaitazama ile michoro, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na watu wa huku hawashikani ovyo. Hakuna atakayeling'oa. Makala yangu imekubaliwa kwenye jarida kubwa la mifumo erevu ya usafiri. Nitaizungumzia kwenye mkutano mwezi wa nane, mbele ya watu ambao vitabu vyao ndivyo nilivyowafundishia vijana wangu Eldoret. Na kuna zaidi. Wamenidokezea nafasi ya kudumu hapa. Ndama anaweza kupata jina lake.

Nilitamani kumwambia Mama. Nilienda kutembea kando ya mto nikamwambia kwa sauti, kwa Kikuyu, na mzungu mmoja na mbwa wake wakanipisha njia. Nilimwambia hivi: siku ile hapakuwa na tawi hata moja la kuonya gari lenu, lakini sasa kuna jicho pale ambalo halilali.

Kitu kimoja tu sikielewi vizuri. Programu inafanya kazi kupita nilivyoiandika. Kwenye majaribio hapa ofisini bado inakosea, lakini huko kwetu haikosei. Angeline anasema labda ni mwanga wa huko. Je, kuna kitu kimebadilika pale kwenye kona? Kuna watu wa barabara wanaofagia siku hizi?

Kunywa dawa ya kifua. Kabiru ameniambia kwa simu kwamba unakohoa na unajifanya hukohoi.

Wako,
Wangeci


Burnt Forest
4 Agosti 2024

Kwako Mama yangu, karibu Profesa,

Nilisoma barua yako nimesimama, kwa sababu nilijua ukiniambia nikae ni habari njema na habari njema inapokelewa kwa miguu. Niliisoma mara ya pili kanisani kwa sauti. Sikujisikia, lakini wao walisikia, na akina mama wakapiga vigelegele. Niliona midomo yao.

Hapa hakuna kilichobadilika. Hakuna mtu wa kufagia barabara, labda siku za uchaguzi. Pengine mashine imeamka inajua, kama wewe na kugawanya kwako. Usiulize sana kitu kizuri, kisije kikaona haya.

Ni baridi sana mwezi huu. Ukungu unakaa mpaka saa nne na kondoo wa jirani wanagongana. Kifua si kitu. Kabiru ana maneno mengi siku hizi, ananiandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa kana kwamba macho nayo yamekufa. Juzi aliandika: "MZEE, HII BARABARA ITAKUMALIZA." Nikachukua kalamu nikamsahihishia alama za uakifishaji nikamrudishia. Amenuna tangu Jumatano.

Daktari anakaribia kuzaa.

Hiyo nafasi ya kudumu, Mama. Kudumu ni muda gani? Sikuulizi ili urudi. Una akili kubwa na hapa penyewe unapajua. Nimeuliza tu kwa sababu Kabiru anataka kubomoa kile chumba chako aweke chakula cha ng'ombe, na nimemwambia angoje.

Mwanao na baba yako,
Wanjohi


Trondheim
8 Septemba 2024

Baba,

Sitauliza habari za viazi leo.

Nilirudi kutoka mkutanoni nikaona nitafute ni kwa nini mashine inafanya vizuri huko na vibaya hapa. Mashine yetu huhifadhi picha pale tawi linapoonekana, na nyingine pale linapotoweka. Zile za kwanza nilikuwa nazitazama kila siku. Hizi za pili sikuwahi kuzifungua, kwa sababu mtu hatafuti ugonjwa mahali ambapo hapaumi. Nilizifungua Jumatatu.

Ni wewe. Katika zote ni wewe. Umevaa koti langu la kijivu, umeinama katikati ya lami, unaburura matawi ya mkaratusi kwenda kwa lango letu. Asubuhi na jioni, mvua na ukungu. Katika picha moja umepumzika, umekaa juu ya rundo la matawi pembeni mwa barabara, na umeshika kifua. Na kuna nyingine nimeshindwa kuifunga na nimeshindwa kuitazama. Nyuma yako kuna taa za gari, zimekaribia, na wewe hujageuka. Utageukaje, na husikii?

Chini ya kila picha mashine imeandika BARABARA SAFI. Niliifundisha matawi na magari pekee, Baba. Mtu haimjui. Wewe haikuoni.

Kuni uliniambia. Kabiru naye alikuandikia na wewe ukaniambia hata hilo, ukalifanya kichekesho, nami nikacheka. Nilikuwa na furaha kiasi cha kutosoma barua za baba yangu.

Nimemwambia mkuu wa mradi ukweli, kwamba programu yangu haijaweza chochote na kwamba kazi yote ilifanywa na mzee wa miaka sabini na tisa. Makala naiondoa. Ile nafasi sijui, na kwa sasa sijali. Nimempigia Kabiru simu akakuandikia ujumbe wangu, na anasema ulikubali kwa kichwa, ukakaa ndani siku chache, kisha ukatoka tena. Amekufichia buti za mpira, ukaenda na viatu vya kanisa. Nitakuja Disemba, mkataba hauniruhusu kabla ya hapo. Bango acha lidanganye. Acha waling'oe. Liwake mchana kutwa, watu walitukane. Ni chuma na taa tu.

Siku zote umeniita Mama na ukasema nina ruhusa ya kukuchapa. Sijawahi kuitumia. Leo siandiki kama binti yako. Kama jina nililobeba lina uzito wowote kwako, basi ni yeye anayekuambia, yule aliyekubeba mgongoni: toka barabarani, mwanangu.

Wangeci


Burnt Forest
29 Septemba 2024

Kwako Mama yangu,

Nimepokea barua yako na nimechapika vya kutosha. Hata mama yangu mwenyewe hakuwahi kunichapa hivyo, na alikuwa na mkono mzito.

Kwanza samahani kwa makala. Sikujua kwamba nikitoa matawi naharibu hesabu. Nilifikiri nasaidia mwanafunzi mwenye bidii, kama vile mwalimu anavyomsogezea mtoto kifutio bila kusema. Ningejua kwamba ungekuja kuaibika mbele ya wakubwa wako, ningekuuliza kwanza.

Sasa nikuambie yale niliyokunyima. Mwezi wa nne, mtu alipaka rangi kwenye nguzo ya bango neno moja: MWONGO. Wale wale waliokuwa wakiliita bango Wangeci. Mimi sisikii, Mama, kwa hivyo wanaweza kukutukana mchana kutwa nikatabasamu. Lakini kusoma ninasoma. Nilisimama mbele ya neno lile na jina lako masikioni mwangu, nikaenda nikamwita Kabiru na mkebe wa rangi. Kesho yake nikaanza matawi.

Sababu ya pili ni Naomi. Umekuwa ukisema siku zote kwamba siku ile hapakuwa na tawi hata moja. Ulianza kusema hivyo kwenye mazishi, ukiwa unalia, na mimi nikakuacha. Ukaenda ukasomea, ukapata udaktari, ukafundisha watoto wa watu, na yote yalisimama juu ya neno hilo, nikaona ni vibaya kulivuta. Lakini matawi yalikuwepo. Wabuge, aliyekuwa akiendesha gari alimokuwa Naomi, aliniambia hospitalini kabla hajarudi kwao Kitale. Alisema, "Mwalimu, niliyaona. Lakini yalikuwa hapo tangu Jumamosi, hakuna gari. Nikajua ni yale yale." Usiku ule lori jingine lilikuwa limekwama pale pale, na tanboi ameongeza matawi yake juu ya yale ya zamani. Wabuge alikuwa mtu mwangalifu. Alidanganywa na matawi ya bure.

Kwa hivyo uliponiandikia kwamba bango linawaka kwa matawi ya jana, nilielewa kabla sijamaliza ukurasa. Madereva walikuwa wameanza kulizoea. Niliwaona kutoka langoni, taa zinawaka na hakuna anayegusa breki. Nilijua kitakachofuata, kwa maana kilishawahi kuja nyumbani kwangu.

Umeniambia nitoke. Nimesikia. Lakini tuelewane. Mvua za mwezi wa kumi zinaanza na malori ya mahindi yatakuwa mengi kwa sababu watu wa Soy na Moi's Bridge wanavuna. Nikiacha leo, bango litadanganya kesho. Nipe mpaka Disemba. Utakuja, utanishika mkono, utanitoa hapo wewe mwenyewe, na hutanisikia nikibisha. Tutakaa jikoni utanieleza hiyo mifumo erevu polepole, kwa maandishi, na mimi nitasahihisha.

Chumba chako hakijaguswa. Nimefagia jana.

Mwanao na baba yako,
Wanjohi


Eldoret
1 Disemba 2024

Baba, mwanangu,

Barua yako ya Septemba ilifika Trondheim nikiwa tayari nimepanda ndege kuja kukuzika. Mwenzangu wa ofisini akanirudishia kwa posta, na imenifikia juzi hapa chuoni, muhuri juu ya muhuri. Nimeisoma ndani ya gari, mbele ya posta, mlango wazi. Umebisha mpaka mwisho.

Nakuandikia kwa sababu ni zamu yangu.

Najua ilivyokuwa. Ukungu ulikuwa mzito asubuhi ile. Ulikuwa umeshayatoa matawi yote, umebakisha tawi moja begani. Bango likazima, kama ilivyopaswa. Kijana mwenye pikapu akakuta njia haina onyo lolote, akaja kwa mwendo wake wa kawaida. Anasema aliona kijivu ndani ya kijivu. Alikuja kwenye mazishi akakaa nyuma kabisa, kichwa chini. Watu walimwacha nafasi kila upande, kwa hivyo nikaenda nikakaa karibu naye. Bango lilimwambia njia iko salama, na bango ni langu. Koti pia ni langu. Nililichagua mimi, nikasema halionyeshi uchafu.

Kuhusu Mama, nimekusoma. Nililia upya, lakini sikukasirika. Ningependa tu ungeniambia tukiwa tumekaa jikoni.

Nafasi ya Norway nimeiacha. Nimerudi darasani Eldoret. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya vijana wapya nikafungua mdomo kuwauliza lile swali la mikono, sauti ikakataa. Angeline alikuwa amekaa nyuma. Akasimama akauliza kwa niaba yangu. Mikono ikainuka kama kila mwaka, na mimi nikainua wangu, nikauweka hapo mpaka wengine wote wakashusha.

Ndama amezaliwa, jike, mweusi na doa kwenye paji. Profesa hatakuwa, kwa sasa. Kabiru aliniuliza jina nikamwambia Mwalimu. Alienda nyuma ya zizi akakaa huko muda mrefu.

Sasa kazi yangu. Nilichukua koti lako. Kabiru hakutaka, lakini lilikuwa limeshafuliwa. Wanafunzi wangu wamekuwa wakija nami pale kwenye kona, polisi wakisimamisha magari pande zote mbili, na wamelivaa kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, wanainama, wanaburura matawi, wanakaa pembeni kama wewe ulivyokaa, ili kamera ijifunze. Mwanzo iliandika BARABARA SAFI. Iliandika hivyo tena na tena, kijana amesimama katikati ya lami. Kila ilipoandika nilikuwa nasikia kama inasemwa juu yako. Usiku nilirudi nikaifundisha upya, asubuhi tukajaribu tena.

Jana ukungu ulishuka kama ule ulioniandikia Agosti. Nilivaa koti mwenyewe. Bado lina harufu ya moshi wa mkaratusi. Nilitembea mpaka katikati ya barabara, nikainama, nikashika tawi, nikawapa magari mgongo kama mtu asiyesikia. Halafu nikaona lami mbele yangu imekuwa nyekundu. Niligeuka. Lilikuwa limewaka lote, herufi kubwa, MTU BARABARANI.

Wanafunzi walishangilia kule kwa lango. Mimi sikuweza kutoka pale. Nilisimama na tawi lako mkononi mpaka Kabiru akaja akanishika mkono akanitoa.

Limekuona, mwanangu. Limechelewa, lakini limekuona.

Ni mimi mama yako, ambaye pia ni mtoto wako,
Wangeci